Choo cha Mkuu wa Msitu

Paukwa!

Pakawa!

Mmeitika kivivu. Wanaoitika hivyo ndio hao hao wataniuliza katikati, "Kwani ilikuwaje?" Nasema tena, paukwa!

Pakawa!

Hapo sasa nimesikia watu. Hapo zamani za kale, wakati bibi wa bibi yangu hajajua hata kusonga ugali, palikuwa na mlima ukiitwa Kitovu, na juu ya Kitovu palikuwa na msitu. Msitu huo haukupangwa na mtu. Mvule hapa, mkuyu pale. Mninga umeegemea mkangazi, mzambarau umejipenyeza katikati kama mgeni asiyealikwa. Mnyama akila zambarau leo, kesho anakula kuyu. Tunda linaingia mdomoni, mbegu inatokea upande wa pili, inaota ilipoangukia. Mnacheka nini? Kwani zenu zinatokea wapi?

Miti ile ilikuwa na kazi, na kazi yenyewe ni kula moshi. Ndiyo, moshi. Upepo alikuwa akipita bondeni kwa watu, kwenye majiko yao, kwenye matanuri yao ya mkaa, kwenye mashamba wanayoyachoma moto. Moshi unamganda. Anapanda Kitovu mzito, anakohoa. Kho, kho, kho.

"Hodi wenyewe."

"Karibu, Upepo."

"Nipokeeni mzigo."

Majani yanampokea. Yanakula moshi, moshi unateremka tumboni mwa mti, unakuwa gome, unakuwa shina, unakuwa mzizi. Unalala humo. Upepo akishakuwa mwepesi anakwenda kuchota mawingu, anayaleta, mvua inanyesha. Hayo ndiyo yalikuwa makubaliano yao. Ipo miti iliyokula upesi na ipo iliyokula taratibu. Palikuwa na mvule mmoja mzee, tumboni mwake mna moshi wa jiko la watu ambao hata makaburi yao yamesahaulika.

Basi siku moja Upepo akafika amejikunja, sauti haitoki.

"Wenyewe, watu wa bondeni wamezidi. Wanachoma asubuhi, wanachoma jioni. Mnaweza kunipokelea zaidi ya hapa?"

Wanyama wakaitana kikao. Kikao kikawa kelele tupu, maana kila mmoja alikuja akiwa mwenyekiti. Mwisho wakasema, tutafute mtu wa kuja, asiye na ndugu huku, atatuongoza kwa haki. Na siku hizo Punda Milia alikuwa amepanda mlimani kukimbia kiangazi cha mbugani. Kifua mbele, kwato zinalia ko-pa, ko-pa, ko-pa, anatembea kama anayepigiwa ngoma. Wakamwona, wakampenda, wakamfanya Mkuu wa Msitu. Hakuna aliyemuuliza kama amewahi kuishi msituni. Watu huchagua hivyo hata leo, lakini hayo tuyaache.

Punda Milia akautazama msitu. Akajitazama ubavuni. Mstari mweusi, mstari mweupe, mweusi, mweupe. Akautazama msitu tena, akatikisa kichwa kwa huruma.

"Ugonjwa wenu nimeujua," akasema. "Hamna mistari."

Wanyama wakatazamana. Kweli hawakuwa nayo. Kila mwamba ngoma huvutia kwake, lakini siku hiyo hakuna aliyekumbuka methali.

"Mti unaokua upesi kuliko yote ni upi?" Mkuu akauliza.

"Mkaratusi," akajibu Komba. Komba mnamjua, yule mdogo mwenye macho makubwa, mlevi. Asubuhi ile pombe ya jana ilikuwa bado haijamtoka, lakini hapo alisema kweli. Mkaratusi unakua upesi, tena unanyooka.

"Basi tutapanda huo peke yake," akasema Mkuu. "Kwa mistari. Upepo akileta moshi mara mbili, tutaula mara mbili. Mti uliopinda utoke. Mti mzee, unakula polepole, utoke. Mti wenye tundu una kasoro, utoke."

Ndovu akapewa kazi ya kuangusha. Kusema kweli kazi hiyo aliipenda, hata bila amri alikuwa akiifanya kwa kujifurahisha. Anaweka paji la uso kwenye gome, anasukuma, kr-r-r-r, bu. Na wanyama wengine nyuma yake wanapanda mikaratusi kwa mistari, wanaimba:

*Uliopinda, toka,*
*uliozeeka, toka,*
*wenye tundu, toka,*
*mkaratusi, simama.*

Nanyi wakubwa mnaojifanya mmesinzia, imbeni. Sauti ni ya bure.

Miti iliyoangushwa ikalala chini, ikaoza, na moshi uliolala ndani yake ukaanza kutoka, fuuu, ukarudi angani. Upepo akapiga chafya.

"Mbona ninausikia moshi niliokwisha kuwapa?"

"Hilo ni vumbi la ujenzi," Mkuu akamwambia.

Sasa nisikilizeni vizuri. Msituni humo aliishi Hondohondo na mkewe. Hondohondo ni ndege mwenye mdomo mkubwa kuliko haja yake, na ana mila yake. Mke akitaka kutaga huingia kwenye tundu la mti mzee. Kisha huuziba mlango kwa udongo, yeye kwa ndani, mume kwa nje, ukabaki ufa mwembamba tu wa kupitisha ncha ya mdomo. Akiwa humo anapukutika manyoya, anabaki kama kuku aliyemwagiwa maji ya moto. Hatoki mpaka manyoya yaote na kinda lipate nguvu. Mume kazi yake ni kuleta chakula. Akichelewa, ndani wamelala njaa. Asiporudi, ndani wamekufa. Msiniulize kwa nini wanaishi hivyo, maana nami ninazijua ndoa za ajabu kuliko hiyo.

Mwaka ule Bi Hondohondo alikuwa amejiziba kwenye mkuyu mmoja. Mkuyu wenyewe ulikuwa mzee. Ulikuwa umepinda. Ulikuwa na tundu. Makosa yote matatu, shina moja.

Kila siku Hondohondo aligonga. Ko, ko, ko.

"Mama watoto, upo?"

"Nipo. Nitakwenda wapi?"

Anampitishia kuyu, mke anakula, mbegu zinatemwa nje kwa ule ufa. Na vingine pia vilitoka kwa ufa huo huo, tena kwa kasi, kwa sababu mwanamke msafi hachafui nyumba yake.

Hondohondo aliposikia kr-r-r-r, bu inasogea, akaenda kwa Mkuu.

"Shikamoo, Mkuu."

"Marahaba. Simama kwenye mstari."

Alikuwa peke yake. Akasimama kwenye mstari.

"Mkuu, ndani ya ule mkuyu yumo mke wangu."

"Atoke."

"Hawezi, hana hata unyoya mmoja. Na ana mayai."

"Ayabebe."

"Kwa mkono upi, Mkuu?"

Mkuu hakulipenda swali hilo. "Ndovu akimaliza upande huu anahamia kwenye mkuyu huo," akasema. "Mti mmoja hauwezi kuzuia maendeleo."

Hondohondo akaruka kurudi. Aliogopa. Aliogopa mpaka mdomo wake wa juu ukawa unagongana na wa chini. Akafika mkuyuni, ko, ko, ko.

"Mama watoto, upo?"

"Nipo. Mbona sauti yako imepooza?"

"Kuyu limenikwama kooni."

Alimdanganya. Angemwambia nini? Mtu aliyejiziba ndani ya ukuta hapewi habari ya moto. Akakaa juu ya tawi, akawa anamtazama Mkuu kutoka juu, anatafuta neno la kumwambia, halipati.

Kutazama kukamsaidia. Akamwona Mkuu anaingia kati ya mistari kwa haraka. Anatazama kushoto, anatazama kulia, anakunja miguu ya nyuma kidogo. Mara, kutoka mwisho wa mstari, sauti ya Ndovu:

"Habari za asubuhi, Mkuu?"

"Nzuri," anajibu Mkuu, ananyooka upesi.

Anahamia mstari wa pili. Anatazama kushoto, kulia, anakunja miguu.

"Mkuu, umeamkaje?" Huyo ni Komba.

"Salama," anajibu Mkuu. Jasho linamtoka.

Anahamia mstari mwingine, na mwingine. Kote salamu, kote heshima. Hondohondo akaelewa. Mstari ulionyooka una ubaya mmoja, ukisimama mwanzo unaonekana mpaka mwisho. Tangu miti ipangwe, Mkuu wa Msitu hajapata mahali pa kwenda haja. Tumbo lilikuwa limemjaa, na cheo kimemkataza.

Hondohondo akatua mbele yake.

"Shikamoo tena, Mkuu."

"Marahaba. Sema upesi, nina shughuli."

"Shughuli hiyo hiyo ndiyo iliyonileta. Mtu mkubwa kama wewe hawezi kujisaidia mbele za watu. Kule kuna mkuyu umeinama mpaka matawi yanagusa ardhi, yamefunga pande zote kama pazia. Ukiingia ndani yake hata jua halikuoni."

Hakumaliza. Mkuu alikuwa amekwishaondoka, mkia juu, ko-pa-ko-pa-ko-pa-ko-pa. Akaingia chini ya mkuyu. Pakawa kimya. Kisha pakawa si kimya.

Alitoka mnyama mwingine kabisa. Uso umelainika. Akamsalimia hata siafu. Hapo hapo akatoa amri.

"Mkuyu huu usiguswe. Kuanzia leo hapa ndipo choo. Na ili mistari yetu isichafuke, kila mnyama wa Kitovu atajisaidia hapa na hapa tu. Atakayeonekana amechafua mstari atashuka mlima asirudi. Mkinikuta ndani, mngoje nje kwa foleni."

Alipoiona foleni ya kwanza, Ndovu mbele, Komba nyuma yake anayumba, alifurahi sana. "Mnaona?" akasema. "Hata choo kina mstari."

Hondohondo akaenda nyumbani na habari njema. Ko, ko, ko.

"Mama watoto, upo?"

"Nipo. Nitakwenda wapi? Baba watoto, hii harufu ni ya nini?"

"Ni harufu ya usalama."

Ncha ya mdomo ikachungulia kwenye ufa, ikarudi ndani upesi.

"Usalama unanuka hivi?"

"Wa mwaka huu, ndiyo."

Bi Hondohondo akasonya kwa hasira, lakini mayai yake yakaanguliwa salama, na makinda yakaruka. Mwaka uliofuata akarudi kwenye tundu lile lile, maana mti mwingine wenye tundu haukuwepo Kitovu nzima. Akajiziba tena. Na mwaka wa mbele yake tena. Miaka mingapi? Wewe mtoto Mbaruku, usiniulize, sikuwa na kalenda.

Mikaratusi ikapanda juu, mirefu, imenyooka, yote sura moja. Ukiuona mmoja umeiona yote. Upepo akaleta moshi, mistari ikala. Akaleta zaidi, ikala. Mkuu akatembea katikati kifua mbele. Tatizo likawa dogo tu, kwamba mkaratusi hauzai kuyu wala zambarau. Kwa hiyo wanyama wenye njaa wakawa wanavuka mto, wanakwenda mbali kwenye misitu ya wengine, wanakula huko mpaka wanashiba. Na sheria inasema choo ni kimoja.

Ndugu zangu, hamjamwona Ndovu akirudi mbio kutoka ng'ambo ya mto amebana miguu. Ardhi inatetema, ti, ti, ti, masikio yamelala, macho yametoka, anasema huku ameuma meno, "Nipisheni, nipisheni, nipisheni." Akifika, foleni yote inafunguka yenyewe. Kisha kishindo. Na ndani ya kishindo hicho mna kokwa za zambarau, mna mbegu za mninga, mna za mkangazi, mna za mvule, mna vitu hata Ndovu mwenyewe hakumbuki alivila wapi. Komba naye analeta zake, akiwa amelewa analeta na za ziada. Na Bi Hondohondo kwa ufa wake, pu, pu, pu, za makuyu. Siku moja pu moja ikamwangukia Mkuu mgongoni, katikati ya mistari, akadhani ni utomvu.

Mnajua mbegu ikilala kwenye samadi inafanya nini. Vikaota vijiti. Vijiti vikawa miche. Miche ikawa kichaka. Hakuna aliyeviangalia, nani anaangalia kinachoota chooni? Ila Mkuu alipenda.

"Msikate hata jani," akaagiza. "Pazia linazidi kuwa zuri."

Muhanga akahamia huko. Muhanga ni yule mnyama wa pua ndefu na makucha ya kuchimbia, chakula chake mchwa. Kwenye mistari hakupata kivuli cha kulala, akachimba shimo lake nyuma ya choo. Wenzake wakamcheka. Akasema, "Mwenye usingizi hachagui kitanda."

Halafu wakaja mchwa.

Mchwa walikuwepo Kitovu tangu zamani, lakini enzi za msitu wa ovyo ovyo walikuwa wakipata shida. Wanakula mti mmoja wanaoupenda, wa pili mchungu, wa tatu mgumu, wa nne una utomvu unaonata. Wanachoka, wanarudi nyumbani na njaa nusu. Sasa malkia wao akatoa kichwa kwenye kichuguu, akatazama. Mkaratusi, mkaratusi, mkaratusi, mpaka upeo wa macho.

"Nani ametupangia meza hivi?" akauliza kwa upole.

"Mkuu wa Msitu," wakajibu watoto wake.

"Mungu ambariki. Naweni."

Wakaanza mwanzo wa mstari. Kwaru, kwaru, kwaru. Hawakuuliza njia, njia ilikuwa imechorwa. Mti wa kwanza, bu. Wa pili, bu. Wa tatu, bu. Ukisikia mmoja unajua unaofuata ni upi. Mkuu akasimama mbele ya mstari, akapaza sauti, "Simameni." Mchwa hawana masikio. Bu. Na kila mti ulioanguka na kuliwa ulitoa moshi wake, fuuu, fuuu, fuuu, mlima mzima ukawa kama jiko la kuni mbichi. Wanyama wakakohoa. Macho yakatoka machozi.

Upepo akaja amefura.

"Nimewapa mzigo mnitunzie, mnanirudishia kichwani? Mawingu sileti."

Na kweli hakuleta. Jua likawaka juu ya vigogo. Kivuli chote cha mlima kikabaki mahali pamoja tu, na wanyama wote wakakimbilia huko, mkubwa kwa mdogo, Mkuu akiwa wa kwanza. Ndiyo. Wote wakahamia chooni.

Lakini mchwa nao walikuwa wamemaliza mstari wa mwisho, na mstari wa mwisho uliishia pale. Na ndani ya mkuyu, mwaka huo pia, yumo Bi Hondohondo na kinda lisilo na manyoya.

Hondohondo akagonga. Safari hii polepole. Ko, ko, ko.

"Mama watoto, upo?"

"Nipo. Nitakwenda wapi? Hizo kelele ni za nini?"

Safari hii hakumdanganya. "Mchwa wanakuja, mke wangu."

"Ni wengi?"

"Hawahesabiki."

"Nikivunja ukuta nitoke?"

"Utatokea wapi, huna manyoya. Na mtoto je?"

 Mke akatoa ncha ya mdomo wake kwenye ufa. Hondohondo akaushika kwa mdomo wake. Wakakaa hivyo. Hakuwa na la kufanya zaidi ya hilo, na hilo akalifanya.

Mchwa wakafika kwenye mti wa kwanza wa kichaka. Wakauma. Ulikuwa mkangazi. Uchungu ukawapanda mpaka kwenye utosi.

"Huu vipi?" wakasema. "Tuhamie wa pili."

Wa pili ulikuwa wapi? Hapakuwa na wa pili, hapakuwa na mstari, palikuwa na miti imesimama kila mmoja unavyotaka. Wengine wakaenda kushoto, wakakuta mvule, mgumu, ukawavunja meno. Wengine wakaenda kulia, wakakuta mkuyu mchanga, ukamwaga maziwa yake, midomo ikagandana. Wengine wakauma mninga, ukatoa maji mekundu, wakadhani wameua mtu, wakakimbia. Wanaokimbia wakagongana na wanaokuja.

"Mstari wetu uko wapi?" wakaulizana. "Nani wa mbele? Nani wa nyuma?"

Zogo lile likamwamsha Muhanga. Akatoa pua shimoni. Chakula kimemfuata mpaka kitandani. Akatoa ulimi, mrefu kama mshipi wa bibi harusi, lapa, lapa, lapa. Akala kushoto. Lapa, lapa, lapa. Akala kulia. Malkia alipoona watoto wake wanapungua akaamuru warudi, na waliobaki wakarudi, kila mmoja kwa njia yake, wengi wamepotea mpaka leo.

Hondohondo akaachia mdomo wa mkewe.

"Wameondoka?" mke akauliza.

"Wameondoka."

"Basi niletee kuyu. Hofu inaleta njaa."

Upepo alikuwa amesimama juu, anatazama. Akateremka, akajisugua kidogo kwenye kile kichaka. Majani ya kila namna yakampokea, mapana, membamba, ya vidole, na moshi ukamtoka begani. Akashangaa.

"Hapa mmepaficha tangu lini? Nani amepanda hapa?"

Wanyama wakatazama chini. Komba akajikuna. Mwisho Ndovu, ambaye haya imemzidi mwili, akasema:

"Sote. Kila mtu kwa zamu yake."

"Nami nimo," ikasema sauti kwenye ufa.

Upepo akacheka mpaka majani makavu yakaruka. "Nitawaletea mawingu," akasema, "lakini majani ya hapa yanatosha bega moja tu. Mlima mzima mtaufanyaje?"

Hapo wote wakamgeukia Mkuu. Punda Milia akatazama nje, vigogo vyake vimelala mstari kwa mstari, hata kufa vilikufa kwa mpangilio. Akatazama kichaka. Akajitazama ubavuni, na siku hiyo mistari haikumfurahisha. Majuto ni mjukuu, huja kinyume. Akauendea mkuyu, akagonga kwa kwato, taratibu. Ko, ko, ko.

"Bi Hondohondo, upo?"

"Nipo. Nitakwenda wapi?"

"Ni mimi, Mkuu. Nimekuja kuomba radhi."

"Kwa lipi? Kwa kutaka kuniangusha, au kwa harufu?"

Mkuu akafikiri. "Kwa yote mawili, mama."

"Ya kwanza nimekusamehe," akasema Bi Hondohondo. "Ya pili ngoja nitoke kwanza nipumue. Sasa nisikilize. Unatafuta wapanzi na umewafungia wote mahali pamoja. Wafungulie, baba."

Mkuu akasimama mbele ya wanyama. Akakohoa. Akatoa amri yake ya mwisho ya maana.

"Choo kimefungwa," akasema. "Kuanzia leo msitu wote ni choo."

Hakuna amri iliyotiiwa upesi kama hiyo. Wanyama walitawanyika, huyu kaskazini, yule kusini, Ndovu ti, ti, ti kuelekea bondeni, Komba kwa njia ya kuzunguka kwa sababu njia nyingine alikuwa haioni. Mkuu akabaki. Naye alikuwa na haja. Akatazama kushoto, anaonekana. Akatazama kulia, anaonekana. Pazia la mkuyu alikuwa amewaachia wenyewe, Hondohondo na mkewe. Basi akaenda katikati ya vigogo vyake, peupe kabisa, akafumba macho, akafanya.

Hapo alipofanya ukaota mzambarau. Upo hadi leo, waliokwenda Kitovu wameuona.

Mvua ikanyesha. Msitu ukarudi, haukurudi siku moja, ulirudi kwa utaratibu wake. Mkaratusi nao haukufukuzwa, haukuwa na kosa lolote. Kosa lilikuwa kuupa mlima mzima. Ukaachiwa nafasi zake, hapa mmoja, kule mmoja, kati ya wenzake. Ndovu akaendelea kuangusha miti, maana tabia haina dawa, lakini sasa aliuliza kwanza, na mzee mwenye tundu alimwamkia na kumpita. Na Upepo kila akipanda alitua mzigo wote, mabega yote mawili.

Siku moja Hondohondo alirudi na kuyu mdomoni. Ko, ko, ko.

"Mama watoto, upo?"

Kimya. Ko, ko, ko. Kimya. Ukuta wa udongo umebomoka, ndani hamna mtu. Kuyu likamwanguka.

"Nipo," ikasema sauti nyuma yake.

Akageuka. Mkewe amekaa juu ya mvule mchanga, manyoya mapya yanang'aa, kinda pembeni yake linajaribu mabawa. Anatazama miti upande huu, anatazama upande ule, kwa kuwa sasa alikuwa na pa kwenda.

Sasa wasikilizaji wangu, wadogo na wakubwa. Msitu wenye sura moja una kifo kimoja. Mti uliopinda usiudharau, mti mzee usiuharakishe kutoka, hujui nani amejiziba ndani yake, wala hujui ametunza nini tumboni. Usitukane wakunga na uzazi ungalipo. Na ukila tunda, Mbaruku, mbegu usiitupe motoni, itupe nje.

Hadithi yangu imeingia tunduni, imejiziba kwa udongo, imeishia hapo. Ufa nimewaachia. Mwenye kuyu alete.